Usijaze pamba mpaka iguse vigae!

Mkuu, weka chini hicho kisu kwanza. Umesema fundi wako anataka mjaze pamba ya kioo, ile ya kuzuia baridi, katikati ya kenchi za chumba chako cha chini ya paa mpaka iguse vigae, "isibaki hata nafasi ya panya", kisha mpige jipsamu mmalize. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi. Nahisi hawa watu wana mwalimu mmoja.

Msimu wa kwanza wa baridi nilitamba. Chumba cha juu nakaa na fulana tu, na kila mgeni alipandishwa ngazi, atake asitake, akashuhudie. Msimu uliofuata likajitokeza doa la rangi ya chai pembeni mwa dari. Fundi kwenye simu: "Kigae kimeteleza hicho." Akapanda, vigae vizima, akabadilisha viwili vitatu ili asishuke mikono mitupu. Doa likaendelea kutanuka, tena likinona siku kavu zenye baridi kali, mvua hakuna. Paa linalovuja bila mvua! Hata hilo halikumshtua. Akaleta lami.

Tulipofumua jipsamu, pamba ilishuka nzito, inachuruzika. Kenchi zimevaa ukungu mweusi, na bisibisi inazama kwenye ubao kwa kidole kimoja. Mbao hizo zilikuwa zimezeeka salama salama chini ya paa linalopitisha upepo kila upande, sisi wajuaji tukaziozesha. Kubadilisha kenchi kulikula hela mara kadhaa ya ile ya pamba. Mke wangu mpaka leo nikitamka "nina wazo" anauliza kwanza kama linahusu paa.

Maji hayakutoka juu, yalitoka kwetu. Kupumua, kupika, kuoga, nguo zinazoanikwa ndani, vyote vinatoa mvuke, na hewa ya joto hupanda nao. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 9 hivi. Usiku wa baridi, upande wa chini wa vigae uko chini ya hapo. Zamani hayo maji yalikaushwa na upepo kabla hayajaleta madhara. Ukishindilia pamba mpaka juu, umeliziba paa pua na mdomo. Na kama chini ya vigae kuna ile karatasi ya lami ya zamani, ndiyo mbaya zaidi, maana mvuke haupenyi kabisa.

Kwa hiyo acha sentimita 5 za hewa, tupu, kati ya pamba na chochote kilicho juu yake, kuanzia kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, hadi kwenye kofia ya paa kule kileleni. Chini hewa iingie, juu itoke. Njia ikiwa wazi chini halafu kofia imezibwa kwa saruji, hujafanya kitu. Pigilia vijiti ubavuni mwa kenchi, sentimita 5 kutoka juu, viizuie pamba, kwa sababu ukishaipa mgongo inajitutumua yenyewe mpaka iguse vigae.

Upande wa chumbani, kabla ya jipsamu, tandaza nailoni ya kuzuia mvuke na ubandike utepe kwenye maungio yote, hasa pale waya na mabomba yanapopenya. Fundi wangu aliniambia nailoni ni kupoteza hela. Alikuwa na huruma sana na hela zangu, ila kwenye vitu vya bei rahisi tu. (Wasomaji wengine: kwenye joto la unyevunyevu mwaka mzima, na kiyoyozi ndani, mvuke unatoka nje kuja ndani, kwa hiyo hiyo nailoni msiniige.)

Utasema kenchi zako zina kina cha sentimita 10, ukitoa 5 inabaki pamba ya kuchekesha. Sawa, inayobaki ishushe: pitisha bodi za povu gumu chini ya kenchi. Chumba kitapungua kimo na utagonga kichwa mara mbili tatu, lakini utakuwa umezifunika hata mbao zenyewe, ambazo hupitisha joto kuliko pamba. Usije ukaminya pamba nene kwenye nafasi nyembamba. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa humo ndani, ukiiminya umeitoa.

Uliuliza pia aina gani ya pamba, na habari ya dirisha la paa. Hayo tutabishana baadaye. Kabla fundi hajafika, panda na tochi uangalie kwenye kingo: ukiona mwanga wa nje unapenya, ni njia ya hewa hiyo, asikuzibie. Azima na kipimo cha unyevu uchome kwenye kenchi. Kikisoma zaidi ya asilimia 20, usifunge chochote mpaka zikauke. Na akikuambia "tumezoea hivi hivi", muulize kenchi zikioza analipa nani, halafu njoo utuambie alivyojibu.