Una Drama Mkononi? Anza na Hesabu za Studio

Waandishi wa drama hulalamika, na ni kweli: studio kubwa za Marekani zinapendelea filamu za mapigano kuliko drama za wahusika. Tulimalize hilo mapema, maana wengi wanaoingia kwenye fani hii ya kuandika filamu huganda hapo hapo: wanalalamika kwamba wakubwa wa Hollywood hawana ladha, kisha wanarudi kuandika muswada uleule kwa namna ileile. Ladha haina kazi kubwa hapa. Kinachowabana wanaotoa pesa ni karatasi ya hesabu, na karatasi hiyo hata wewe unaweza kuisoma.

Tuchukue filamu ya mashujaa iliyogharimu dola milioni 200. Hiyo ni gharama ya kuitengeneza tu. Trela, mabango, matangazo ya televisheni, nauli na hoteli za waigizaji wanaozungushwa nchi baada ya nchi kuipigia debe, vyote viko nje ya bajeti hiyo. Kwa mfano wetu tuweke milioni 100. Sasa njoo mlangoni: ukumbi wa sinema hubaki na takriban nusu ya pesa ya tiketi, na China studio ya kigeni huondoka na asilimia 25 tu. Kwa hiyo ili zile milioni 300 zirudi, tiketi ziuzwe za kama milioni 600. Watu wa kazi hii wana kanuni yao ya haraka ya kuzidisha bajeti mara mbili na nusu, ambayo hapa ingekupa milioni 500. Pengo linalobaki wanategemea lizibwe na mauzo ya televisheni na mtandaoni.

Haya, weka drama ya milioni 30. Kwa macho ni nafuu. Lakini kuifungua kwenye kumbi 3,000 za Marekani kwa wikiendi moja kunahitaji watu wengi waijue, na sekunde 30 za tangazo haziuzwi kwa bei ya huruma eti kwa sababu filamu yako ni ndogo. Weka milioni 40 za matangazo. Jumla 70, tiketi za dola milioni 140. Hiyo ni karibu mara tano ya bajeti, wakati ile kubwa ilihitaji mara tatu. Rudia hesabu hiyo kwa kalamu mpaka ikukae. Gharama ya kutengeneza hushuka upendavyo. Gharama ya kutangaza haishuki kwa kasi ileile. Hapo ndipo drama ya bei ya kati ilipoumia.

Zamani pengo hilo lilizibwa na DVD. Drama iliyopita kimyakimya sinemani ilipata maisha ya pili dukani miezi michache baadaye. Soko la DVD lilipoanza kuporomoka kuelekea 2010, filamu za milioni 20 hadi 60 zilikosa pa kushika. Nyingi za aina hiyo zimehamia majukwaa ya mtandaoni, au zimegeuzwa kuwa tamthilia za vipindi nane.

Sababu ya pili ni lugha. Filamu ya mapigano inaeleweka kwa macho. Nenda kibanda umiza chochote, Manzese au Kibera, utaona watu wanafuatilia muvi ya Hong Kong bila kujua neno hata moja la Kichina. DJ Afro kule Kenya na VJ Jingo kule Uganda wamejenga majina yao kwa kusimulia juu ya picha ambazo tayari zinajieleza. Steringi anajulikana, adui anajulikana, ngumi haihitaji mkalimani. Drama hukaa kwenye maneno, kwenye kimya kati ya mke na mume, kwenye lafudhi inayoonyesha nani katoka ukoo gani. Ukitafsiri, nusu inamwagika. Kwa studio inayotegemea nchi za nje kwa sehemu kubwa ya mapato, tofauti hiyo ni pesa taslimu. Na bado hatujagusa midoli, fulana, michezo ya kompyuta na muendelezo wa pili hadi wa saba.

Usije ukadhani basi mapigano ni salama. John Carter ya 2012 iliilazimu Disney kuandika hasara ya takriban dola milioni 200. Filamu ya Indiana Jones ya 2023 ilitengenezwa kwa karibu milioni 300 ikauza tiketi za chini ya milioni 400. Pitisha tarakimu hizo kwenye hesabu ya juu ujionee. Wanachopenda wakubwa ni kwamba filamu ya aina hii inapimika kabla haijapigwa: jina lilishauza kiasi gani, nchi zipi zilinunua, wavulana na wasichana, wakubwa na wadogo, wangapi watakuja. Drama haina kipimo hicho. Utaliona hilo kwenye ripoti za wasomaji wa miswada, wale wanaolipwa kusoma na kuandika kurasa mbili tatu za muhtasari na uamuzi: kataa, fikiria, chukua. Sababu moja ya kukataa hujirudia: kila kitu kinategemea mwongozaji na mwigizaji watakaopatikana. Msomaji anaweza kuwa amelia aliposoma. Bado ataandika kataa.

Tazama mfano wa karibu na kwetu. Mwaka 2016 Disney ilitoa Queen of Katwe, hadithi ya binti wa Kampala na mchezo wa chesi, Lupita Nyong'o akiwa mama yake. Bajeti ilikuwa dola milioni 15, wahakiki wakaisifu, tiketi zikaishia takriban milioni 10. Miaka miwili baadaye kampuni ileile ikamweka Lupita huyohuyo kwenye Black Panther, kwa takriban milioni 200, na tiketi zikapita bilioni 1.3. Mtu wa fedha akiziweka mbili hizo juu ya meza hahitaji kikao kirefu. Kwa maoni yetu Queen of Katwe haikukosa ubora. Ilikosa kitu cha kumtoa mtu nyumbani wikiendi ya kwanza badala ya kusubiri aione bure baadaye. Na wikiendi ya kwanza ndiyo inayohesabiwa: ukumbi ukiona viti vitupu Jumamosi, Ijumaa inayofuata skrini yako anapewa mwingine.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa na drama ni moja: nini kinasimama mahali pa mlipuko? Oppenheimer ya 2023 ni saa tatu, kwa sehemu kubwa watu wanaongea vyumbani. Iligharimu kama milioni 100 ikauza zaidi ya milioni 950. Hapo jina la mwongozaji Christopher Nolan lilifanya kazi ya nembo, na skrini kubwa za IMAX zikaifanya kuwa tukio. Wewe huna jina hilo. Get Out ya 2017 ndiyo ya kuichunguza zaidi: milioni 4.5 tu, tiketi zaidi ya milioni 250. Ndani ni drama ya rangi, ukwe na adabu za uongo. Nje imevaa hofu. Hofu, kama ngumi, haihitaji mkalimani. Ikiwa hadithi yako inakubali vazi hilo bila kupindishwa, ivishe. Ikiwa haikubali, usiilazimishe, maana filamu ya kutisha isiyotisha inakataliwa upesi kuliko drama. Njia inayobaki ni kushusha bei.

Kushusha bei kunaanzia kwenye muswada, kamera bado iko dukani. Ukurasa mmoja uliopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu. Gawa kila ukurasa katika sehemu nane, kama wanavyofanya wasaidizi wa mwongozaji, kisha kwa kila onyesho andika: lokesheni gani, ndani au nje, mchana au usiku, wenye maneno wangapi, watu wa kujaza wangapi, watoto, wanyama, magari, mvua. Drama yenye nidhamu hupiga kurasa nne hadi tano kwa siku. Pambano la kweli linaweza kula siku nzima kwa ukurasa mmoja au chini yake, kwa sababu kila ngumi hufanyiwa mazoezi, hupigwa kutoka pembe kadhaa, na meza ikivunjika inaletwa nyingine. Hii ndiyo silaha yako ya bei. Muswada wa kurasa 95 kwa kurasa tano ni siku 19. Ongeza mbili za akiba, na asilimia 10 ya bajeti yote iwekwe pembeni isiguswe. Wanaoianza kazi huikata hiyo asilimia 10 kwanza ili bajeti ipendeze, halafu siku ya nane jenereta inakufa.

Kinachokula muda kuliko vyote ni kuhama. Kila unapofungasha taa kutoka nyumba moja kwenda nyingine ndani ya siku moja, saa moja au mbili zimeondoka, na kwa foleni ya Dar au Nairobi ni zaidi. Muswada wenye nyumba tisa jaribu kuufikisha nne. Chukua onyesho hili, nusu ukurasa tu: Mariamu anaingia wodini, wodi imejaa, anamtafuta baba yake kitanda kwa kitanda. Nusu ukurasa huo unataka kibali cha hospitali, wodi isiyo na wagonjwa, vitanda 12, watu wa kujaza 20, sare za wauguzi, chakula cha wote hao. Liandike upya: Mariamu amekaa kwenye benchi la korido, muuguzi anatoka mlangoni na mfuko wa nailoni wenye viatu vya baba yake, anamkabidhi bila kusema kitu. Watu wawili, benchi, mlango. Bei imeshuka, na onyesho limepata nguvu ambayo lile la kwanza halikuwa nayo. Si kila onyesho litakubali hivi. Theluthi moja ikikubali, bajeti nzima inabadilika.

Jibu la ile sababu ya msomaji wa miswada kukataa nalo liandae kabla ya kutuma. Mhusika mkuu atake kitu kinachoonekana kwa macho kabla ya ukurasa wa 12: nyumba isiuzwe, mtoto arudi, ashinde kesi. “Anatafuta amani ya moyo” si kitu cha kupigwa picha. Mpe tarehe ya mwisho. Na andika walau maonyesho mawili ambayo mwigizaji mkubwa akiyasoma atayataka kwa wivu, kwa sababu barua ya nia kutoka kwa mwigizaji anayejulikana, yaani ya kusema yuko tayari kuigiza, ndiyo inayompa muuzaji wa filamu kitu cha kuwauzia wasambazaji wa nchi za nje kabla haijapigwa. Mlipuko wako ni huyo mtu.

Pa kupeleka: si mlango mkuu. Studio kubwa hurudisha bila kufungua muswada uliotumwa na mtu asiye na wakala, kwa kuogopa kesi za kuibiwa wazo. Drama hupita kwenye vitengo vyao vidogo kama Searchlight ya Disney na Focus Features ya Universal, au kampuni huru kama A24 na Neon. Hawa hawaanzi na kumbi 3,000. Hufungua kumbi nne tano New York na Los Angeles, wanatazama mapato kwa kila skrini, kisha wanapanua polepole, na hivyo ile gharama ya matangazo tuliyoilalamikia inalipwa kwa awamu. Ndiyo sababu Anora, iliyotengenezwa kwa kama milioni 6, iliweza kupita tamasha la Cannes 2024 na kufika tuzo za Oscar 2025. Kwa aliyeko Afrika Mashariki mlango ni tamasha: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilifika Toronto 2021. Kuna pia mifuko ya ruzuku kama Hubert Bals ya Rotterdam, lakini soma masharti yao yote. Ruzuku mara nyingi hailipii filamu nzima, nawe utaonyesha sehemu nyingine inatoka wapi.

Mwisho mkataba, maana hapa ndipo wengi hupoteza walichohangaikia. Usipokee asilimia ya faida halisi, ile inayobaki baada ya studio kukata gharama zake, kama sehemu ya malipo yako. Katika kesi ya mwandishi Art Buchwald dhidi ya Paramount, filamu ya Coming to America ya 1988 ilikuwa imeuza tiketi za zaidi ya dola milioni 280, na studio ikasema faida halisi haipo. Mwaka 1990 mahakama ya California ikauona mfumo huo wa kukokotoa kuwa wa dhuluma. Vifungu vya namna hiyo vingalipo kwenye mikataba mingi. Badala yake omba kiasi kizima kinacholipwa siku ya kwanza ya upigaji picha, na bonasi zinazofungwa kwenye mapato ya tiketi yanayotangazwa hadharani: yakifika milioni 10 kiasi hiki, yakifika 25 kiasi kile, kila moja ilipwe ndani ya siku 30. Tarakimu hizo haziandikwi na mhasibu wa studio peke yake.