Mzee wa Usukani Anajibu: Kilo, Betri na Choo cha Gari-nyumba

Nimeendesha malori miaka 22, na huu ni mwaka wa 14 mimi na mke wangu tunalala, tunapika na kuoga ndani ya gari-nyumba. Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu ambao ndio kwanza wamekabidhiwa funguo. Nimefurahi, maana makosa ya mwaka wa kwanza huzuilika.

Shikamoo Mzee. Tumenunua gari-nyumba letu la kwanza. Tuko wanne, sisi wawili na watoto wawili. Kibati cha kiwandani kinasema uzito wa juu ni kilo 3,500, na karatasi zinasema likiwa tupu lina kilo 2,950. Aliyetuuzia anasema kilo 550 hatuwezi kuzimaliza. Tunataka kufunga kibebeo cha baiskeli nyuma, turubai la kivuli ubavuni na betri ya pili. Kuna ubaya?

Marahaba mwanangu. Hizo kilo 550 hebu tuzihesabu pamoja. Ninyi wanne, tuseme kilo 260. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100, maana kila lita ya maji ni kilo moja kamili. Turubai na fremu yake, 30. Betri ya pili, kama ni ile ya kawaida ya risasi, 25. Baiskeli nne na kibebeo chake, 70. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 11, ukijumlisha na chuma chake, inakaribia 46. Tumeshafika 531. Zimebaki kilo 19, na bado hamjapakia shuka, nguo, sufuria, viti vya kukalia nje wala chakula.

Kabla hujafadhaika, zisome tena zile karatasi. Watengenezaji wengine wanaposema gari tupu huwa wameshamhesabu dereva, mafuta na hata maji kiasi, wengine hawakuhesabu. Ila kitu chochote kilichofungwa baada ya gari kutoka kiwandani hakimo, na gari la mtumba huwa limefungwa vingi.

Kwa hiyo usiamini karatasi, wala mimi usiniamini. Pakieni kila kitu kana kwamba mnaondoka asubuhi, jazeni maji na mafuta, pandeni wote wanne, kisha mwende kwenye mizani ya malori. Pimeni gari zima, halafu ekseli ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Kibati kina kikomo cha jumla na kikomo cha kila ekseli. Siku niliyopima langu kwa mara ya kwanza, jumla ilikuwa sawa, lakini ekseli ya nyuma ilizidi kilo 180. Miezi mingi nilikuwa nikilaumu springi na shokomzoba, kumbe nilikuwa nazionea.

Kibebeo cha baiskeli ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote. Mzigo ulioning'inia nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mtarimbo. Chukua gari lenye mita 4 kati ya ekseli na ekseli, ufunge kilo 70 mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haitabeba kilo 70, itabeba 105, na ile ya mbele itanyanyuliwa kilo 35. Kama gari lako huvutwa na magurudumu ya mbele, utaona usukani umekuwa mwepesi na tairi zinateleza kwenye mlima wenye maji. Wape watoto baiskeli mbili za kupokezana. Betri ya pili iweke katikati ya ekseli mbili, chini kabisa. Na njia ikiwa na maji ya kutosha huko mwendako, safirini na theluthi ya tangi, mtajaza mkifika.

Kama bado uzito unazidi, mwulize mtengenezaji kama gari lako linaweza kuongezewa kikomo kwenye karatasi. Ulaya, kwa mfano, kilo 3,500 umekuwa mpaka wa leseni ya gari dogo kwa miaka mingi, na magari mengi yameandikwa kiwango hicho ilhali chesisi ingebeba zaidi. Ila uulize kwanza leseni yako inaruhusu nini.

Mzee, nimenunua gari-nyumba la mtumba, halijatembea sana, na matairi yana meno kama mapya. Fundi anasema nibadilishe yote sita. Ananila?

Huenda anakuokoa. Gari-nyumba hukaa limeegeshwa muda mrefu na mzigo wake wote mgongoni, jua likilichoma upande mmoja. Tairi lake huzeeka kabla halijaisha. Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mpaka mwisho wa maandishi utaona tarakimu nne. Ikiwa ni 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje, ingia chini na tochi, mara nyingi ziko upande wa ndani. Angalia pia kama ubavu una nyufa ndogo ndogo.

Mimi la kwangu lilipasuka likiwa na miaka 9 na meno yake mazuri kabisa. Lilikuwa la nyuma kushoto. Vipande vyake vilikata bomba la maji machafu na kung'oa sakafu ya kabati. Tangu siku hiyo nabadilisha kila yakifika miaka 6. Watengenezaji wengi huhesabu miaka 10 kuwa ukomo usiovukwa, hata tairi likionekana zima, na spea nayo imo katika hesabu hiyo. Upepo nao uupime kwa uzito wa kila ekseli ulioupata mizani. Usijaze tu mpaka ile namba ya juu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

Mzee, kila tukiegesha mahali pasipo umeme, asubuhi ya pili betri imekufa. Ni ya risasi, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri), ina miezi minane. Nimeongeza inveta ya wati 2,000, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ili tutumie birika la umeme na mashine ya kukaushia nywele. Friji ni la kompresa. Je, betri ni mbovu?

Ilikuwa nzima ulipoinunua. Sasa huenda umeshaiumiza, lakini si kwa makusudi, na hakuna aliyekueleza.

Betri ya risasi ya Ah 100 si Ah 100 za kutumia. Ukitaka ikae miaka, usiishushe chini ya nusu. Una 50 tu. Friji lako la kompresa hula kama ampea 4 linapofanya kazi. Likifanya kazi nusu ya saa zote za siku, hizo ni Ah 48. Umeona? Friji peke yake limemaliza haki yako ya siku nzima kabla hujawasha taa, pampu ya maji, wala kuchaji simu.

Sasa birika. Wati 1,500 ukigawa kwa volti 12 ni ampea 125, na inveta nayo hupoteza kidogo njiani, basi weka 140. Dakika tano za kuchemsha maji zinakula karibu Ah 12. Na betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hiyo volti zake huporomoka, inveta inapiga kelele na kuzima hata kama chaji bado imo. Chemsha maji kwa gesi. Nywele zikauke kwa taulo, au subirini siku mtakapochomeka kwenye umeme wa kambi.

Ukitaka kujua hali ya betri bila kubahatisha, iache ipumzike saa chache bila kuchajiwa wala kutumiwa, kisha uipime. Volti 12.7 imejaa, 12.2 iko kwenye nusu. Bora zaidi, funga kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Mimi nilifunga changu mwaka wa tatu, na ndani ya wiki moja nikagundua feni moja ya choo iliyokuwa ikizunguka usiku kucha bila sababu.

Kuhusu tiba: betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya Ah 100 inakupa 80 au zaidi za kutumia, na uzito wake ni karibu nusu ya ile ya risasi. Kwa aliyebanwa na kilo, hiyo ni faida mara mbili. Lakini haitaki kuchajiwa ikiwa baridi imeshuka chini ya nyuzi 0, na usiiunge moja kwa moja na jenereta ya injini. Inaweza kunyonya mkondo mkubwa mpaka jenereta iungue. Weka katikati chaja maalumu ya kutoka betri hadi betri. Paneli za sola za wati 200 zikilala bapa juu ya paa zinakupa kama Ah 60 siku ya jua zuri, na chini ya nusu ya hapo kukiwa na mawingu. Na tafadhali, waya mzito unaotoka kwenye chanya ya betri uwe na fyuzi yake hapo hapo jirani na betri. Bila fyuzi, siku waya huo ukichubuka na kugusa chuma, hakuna kitu cha kukata umeme.

Kwenye sakafu, karibu na jiko, kuna tundu lenye wavu linaloingiza baridi na wadudu. Naweza kuliziba?

Hapana. Usilizibe hata usiku mmoja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini, na tundu hilo ndilo mlango wake wa kutokea. Badilisha wavu uweke wenye macho madogo zaidi, basi.

Na kwa kuwa umetaja baridi, usiwashe jiko kupasha gari joto. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Nunua kengele ya kuigundua leo, uijaribu kila safari. Kama hita yako inazima usiku wa baridi kali, angalia mtungi: butani haigeuki kuwa gesi ikifika karibu nyuzi 0, propani hugeuka mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri.

Naona haya kuuliza, Mzee. Tangi la choo tunalifungua kila mara lakini geji inasema limejaa, na harufu haivumiliki. Tukiwa kambini vali tunaiacha wazi ili lisijae.

Usione haya mama, sote tuna choo. Hiyo vali kuachwa wazi ndiyo chanzo. Maji yanatiririka yote kwenye bomba, kilicho kizito kinabaki kimejilundika chini ya bakuli kama kichuguu, kinakauka, na geji inakisoma. Funga vali. Jaza tangi maji mpaka nusu au zaidi, liache usiku kucha, kesho uendeshe barabara yenye kona ili lisukesuke, kisha ufungue. Huenda ukarudia mara tatu au nne.

Baada ya hapo, vali ibaki imefungwa mpaka tangi lijae theluthi mbili, ndipo mfungue kwa mkupuo. Kila mkimwaga, rudisheni lita kadhaa za maji ili sakafu ya tangi isikauke. Anzeni na tangi la choo, kisha lile la maji ya kuogea, ili yasafishe bomba. Karatasi ya chooni ijaribuni kwenye chupa ya maji: itikiseni, na isipovunjika haifai. Glavu, na bomba la maji ya kunywa lisiguse kabisa mahali hapo. Mimi nalihifadhi upande mwingine wa gari.

Friji letu la gesi linapoa vizuri tukiwa kambi fulani, kambi nyingine halipoi kabisa. Mafundi wawili wamesema ni zima.

Wamesema kweli. Friji la gesi halina kompresa. Amonia na maji huzunguka ndani ya mabomba kwa joto na mteremko tu. Gari likiinama, mzunguko unakwama. Weka pimamaji ya fundi mwashi kwenye sakafu ya friji kila mkiegesha, na pandisheni magurudumu kwenye kabari mpaka kiputo cha hewa kikae katikati.

Mzee, mimi na mume wangu tunapendana, ila akipiga rivasi na mimi nikimwelekeza tunagombana mbele za watu. Wiki iliyopita tumegonga mti, tena tawi la juu.

Pole dada. Wewe hukukosea, mlikuwa hamjakubaliana lugha. Kabla ya safari ijayo, simameni mahali tupu mchague ishara nne tu za mikono: njoo, kushoto, kulia, simama. "Kushoto" iwe ni upande ambao nyuma ya gari inatakiwa kwenda, si usukani. Maneno yasitumike, kwa sababu injini hula sauti. Yeye asipokuona kwenye kioo cha pembeni asimame hapo hapo, hata kama anadhani anajua. Na wewe kabla hajaanza, zunguka gari lote, kisha uinue macho. Paa ndilo husahaulika.

Pimeni urefu wa gari kutoka chini mpaka kitu kilicho juu kabisa, iwe antena, kiyoyozi au paneli. Uandikeni kwa mita na kwa futi, mbandike karatasi hiyo juu ya dashibodi mbele ya macho ya dereva. Mkuu wangu wa mawasiliano ni mke wangu: yeye ndiye anayeelekeza, na akiinua ngumi mimi nakanyaga breki kwanza, nauliza baadaye.