Vince Young na foleni ya I-35: msitoke uwanjani saa ikiwa bado inatembea

Ndugu mwanzisha uzi, umeuliza mambo matatu: ni mechi zipi za Vince Young, yule mrusha pasi (quarterback) wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Texas, umwonyeshe kijana wako kabla hujampeleka Austin kwa mara ya kwanza, kama Vince alikuwa bora kuliko Colt McCoy aliyemrithi, na ni wapi pa kuegesha gari karibu na uwanja. Kisha mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, ukaongeza kwamba mtatoka robo ya tatu ili mkwepe foleni ya I-35, ile barabara kuu inayopita karibu na uwanja. Hayo matatu yatasubiri. Hilo la nne ndilo lililonifanya niache chakula kipoe mezani, kwa sababu ujinga huo mimi nilikwishaufanya, na nikiukumbuka masikio hunipata moto hadi leo.

Tarehe 6 Novemba 2004 nilikuwa mwanafunzi pale Austin, nimekaa juu kabisa kwenye uwanja wa Darrell K Royal, na kando yangu yupo shemeji, mume wa dada yangu, ambaye alikuwa amekaa Texas miaka mingi kuliko mimi na kwa hiyo alijihesabu kuwa mtaalamu wa kila kitu, kuanzia bei ya matairi hadi mpira wa Kimarekani. Texas ilikuwa inacheza na Oklahoma State. Ili uelewe hali ya siku ile, kumbuka kwamba tarehe 9 Oktoba tulikuwa tumefungwa 12-0 na Oklahoma kule Dallas bila kupata hata pointi moja, na wiki iliyofuata, dhidi ya Missouri, kocha Mack Brown alimtoa Vince mchezo ukiwa unaendelea. Baada ya hapo alishinda mbili, ndiyo, lakini watu wengi bado walimwona kijana mwenye miguu mizuri na mkono wa mashaka, na mimi nilikuwa mmoja wao, hilo silifichi.

Sasa, katika robo ya pili ubao ukasoma 35-7. Si sisi tuliokuwa na thelathini na tano. Shemeji akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akautazama ubao mara ya pili kana kwamba labda kosa lilikuwa la vioo, kisha akasema, "Bwana shemeji, hapa hakuna mchezo tena, tuwahi kabla barabara haijajaa." Nikanyanyuka. Hakunivuta mkono wala hakunitisha, ila yeye ndiye mwenye gari, ndiye mkubwa, na mimi nilikuwa na soda nusu na moyo robo. Nilimfuata kama kondoo.

Gari tulikuwa tumeliacha upande wa mashariki, ng'ambo ya I-35. Tulipokuwa tunapita chini ya barabara ile tukasikia mzinga. Pale uwanjani wana mzinga wao unaoitwa Smokey, ambao hupigwa Texas inapofunga, mpira unapoanzishwa na kila robo inapokwisha. Nikasimama. Shemeji hakusimama. Alisema huo ni wa kumaliza robo. Kumbe Vince alikuwa amekwishaifanya 35-14 kabla ya mapumziko, na huyu mtaalamu wangu alikuwa ananifasiria mizinga kama mganga anayesoma ramli kwa mteja aliyekwishalipa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba foleni yenyewe haikuwepo. Nani atakuwa barabarani saa ile? Watu wenye akili walikuwa wamekaa kwenye viti vyao. Kwa mwendo ule tungefika nyumbani na kuona kipindi cha pili chote kwenye televisheni, lakini kwa kuwa muda ulikuwa wa kutosha shemeji akaamua tupitie dukani kununua nyama ya mbuzi na unga, na humo garini nilipotaka kufungua redio akasema haina haja ya kujitonesha kidonda, akaweka kanda yake ya taarab. Taarab naipenda, na kosa halikuwa la mwimbaji. Ila kuna nyimbo ambazo mpaka leo zikianza tu harusini, mimi hutoka nje nikatafute maji.

Kwenye kaunta ya malipo alikuwepo mama mmoja wa makamo mwenye kofia ya rangi ya chungwa lililoungua, ile ya Texas, na redio ndogo pembeni ya mashine. Alizitazama fulana zetu, akatazama vile vipande vya tiketi vilivyochungulia mfukoni mwa shati langu, kisha akatuuliza kwa upole kabisa, kama muuguzi anavyouliza, "Mbona mko hapa?" Kabla sijamjibu, mtangazaji akapiga kelele kwamba Texas imesawazisha. Shemeji akaniambia nishike mfuko wa unga.

Mechi iliisha 56-35. Pointi arobaini na tisa mfululizo, pengo la pointi 28 likafukiwa na likapandwa bustani juu yake, na halijawahi kufukiwa pengo kubwa kuliko hilo katika historia ya timu ile. Mimi nilikuwa nimeshika kilo tano za unga. Kwa miaka mingi watu wakisimulia siku ile nimekuwa nikisema "nilikuwepo," na si uongo, ila nikiulizwa nilijisikiaje tuliposawazisha, huanza kukohoa. Niliwahi kunaswa kazini na mtu aliyetaka kujua nilikuwa nimekaa upande gani mpira wa mwisho ulipofungwa. Nilimwambia upande wa nyama.

Wiki moja baadaye, kule Kansas, Texas ikiwa nyuma na muda unakaribia kwisha, Vince alikuwa na jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, na yadi 18 za kutafuta. Alikimbia 22. Kisha akampa Tony Jeffery pasi ya tachidauni, yaani ya kufunga, zikiwa zimebaki sekunde 11, tukashinda 27-23. Hiyo niliitazama nikiwa nimesimama, mlango wa chumba nimeufunga kwa ufunguo, na ufunguo uko ndani ya soksi. Kati ya kile kipigo cha Dallas na siku alipoondoka chuoni hakupoteza tena mechi hata moja. Alishinda ishirini mfululizo. Na mimi nilitoka mapema katika moja ya hizo ishirini, kwa ushauri wa mtu aliyekuwa na haraka ya kununua mbuzi.

Kuhusu kijana wako: mwonyeshe mechi ya Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 2005 dhidi ya Michigan, ambapo Vince alikimbia yadi 192 na kufunga mara nne kwa miguu yake, kisha Dusty Mangum akamalizia kwa teke la mwisho, 38-37. Ile ya Ohio State ya Septemba 2005, 25-22, ni nzuri pia kwa ajili ya pasi ya kufunga aliyompa Limas Sweed. Usimnyime na ile ya Stillwater ya Oktoba 2005, Oklahoma State wale wale, ambapo tulikuwa nyuma 28-9 tukashinda 47-28 na Vince peke yake akakimbia yadi 267. Watu wa Stillwater nao sijui walimkosea nini.

Halafu ile kubwa, fainali ya ubingwa wa vyuo, tarehe 4 Januari 2006, dhidi ya USC, timu ya chuo cha kule California iliyokuwa imeshinda 34 mfululizo na ambayo watangazaji walikuwa wametumia wiki nzima kutuambia kwamba ni timu bora kuliko zote zilizopata kuzaliwa. Tuliitazama nyumbani kwa dada. Zikiwa zimebaki dakika sita na sekunde arobaini na mbili ubao ulisoma 38-26 dhidi yetu, na shemeji, Mungu amweke, akanyanyuka akafuate funguo ili awahi kumrudisha mgeni mmoja aliyekaa mbali. Hakuziona. Nilikuwa nimezikalia tangu robo ya tatu. Kwa hiyo alikuwepo, apende asipende, Vince alipofunga kwa mbio za yadi 17. Alikuwepo pale mkimbiaji wa USC, LenDale White, aliposimamishwa kwenye jaribio la nne na yadi mbili. Na alikuwepo zilipobaki sekunde 19, Vince alipokata kulia, akamaliza yadi nane bila kuguswa na kuingia kwenye kona. Ikawa 41-38. Usiku ule mnara wa chuo uliwashwa rangi ya chungwa, na madirishani ikaandikwa namba moja kwa taa.

Funguo nilimpa tulipotoka kwenda kuuona. Alishukuru, kisha akasema tungetoka mapema tungepata pa kuegesha.

Kijana akichoka, alale hapo hapo kitini. Mbebee koti.