Maswali ya mche: tafuta kitako kwanza, fomula baadaye

Wadogo zangu mnaoanza topiki ya eneo la miche (prism, yaani maumbo kama boksi au penseli ya pembe sita), nimefundisha tuisheni ya hesabu muda sasa na naona wengi wanapotea palepale, mtu ameshika fomula vizuri kabisa lakini kitako chenyewe hakijui. Kitako cha mche sio lazima kiwe ule uso uliolala chini kwenye mchoro. Ni zile nyuso mbili zinazofanana na kutazamana, moja huku nyingine kule, na ukikata mche popote sambamba nazo unapata umbo lilelile.

Chukua boksi la dawa ya meno, fungua miisho yote miwili, kata kwenye ukingo mmoja kisha litandaze mezani. Zile pande nne zinakuwa mstatili mmoja mrefu. Upande mmoja wa huo mstatili ni mzingo wa kitako, mwingine ni urefu wa boksi, basi hapo ndo eneo la pembeni linapotoka: mzingo mara urefu. Ukitaka eneo lote unaongeza vitako viwili. Hii ni kwa mche ulionyooka, uliopinda kiubavu una mambo yake.

Sasa mche pembetatu ndo unaoua watu kwenye mtihani. Tuseme kitako ni pembetatu pacha (yenye pande mbili sawa), chini sm 6, kimo sm 4, na mche una urefu wa sm 10. Mwanafunzi anachukua 6 na 4 na 4 anajumlisha anasema mzingo 14, hapana jamani, ile 4 imesimama katikati ya pembetatu, haipo kwenye mzingo! Tumia kanuni ya Pythagoras, nusu ya 6 ni 3, 3×3 + 4×4 = 25 ambayo ni 5×5, basi kila upande wa mshazari ni 5, kwa hiyo mzingo ni 6+5+5=16. Pembeni ni 16×10=160, kila kitako ni ½×6×4=12, viwili 24, jumla sm za mraba 184. Ile 4 kazi yake ni kwenye eneo la kitako tu, na urefu wa 10 hauingii huko kabisa.

Vipimo navyo viangalie kabla hujazidisha. Penseli mpya ya pembe sita yenye upande mm 4 na urefu sm 18, mzingo wake ni mm 24 yaani sm 2.4, pembeni ni sm za mraba 43.2, ukizidisha 24 kwa 18 hivyohivyo unapata namba isiyo na maana.

Halafu soma swali linataka nyuso zipi. Tangi lisilo na mfuniko lina kitako kimoja tu. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 3 kina kuta za mita za mraba 14×3=42, toa mlango na madirisha, na kama dari nayo inapigwa rangi ongeza 12, sakafu iache.