Fundi Anajibu: Kompyuta Isiyojua Leo ni Lini

Swali: Fundi wetu, as-salaam aleikum. Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, Barabara ya Nkrumah. Ofisi yetu kuu iko Nairobi, na kila asubuhi ni lazima niingie kwenye seva yake kwa VPN, ile njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, ndipo nipate faili za makontena. Kompyuta yangu ni ya mezani, yenye Windows 7, nimeirithi kwa aliyenitangulia. Tangu mwezi uliopita VPN inakataa na kuniandikia kosa 0x800B0101. Kijana wa saiba aliifuta akaiweka upya. Ikakubali siku hiyo, kesho yake ikakataa tena. Intaneti si tatizo, kwa sababu simu yangu hutumia rauta hiyohiyo bila taabu. Kuna na jambo jingine, ingawa sidhani lina uhusiano: kila asubuhi kompyuta hunitaka nibonyeze F1 kabla ya kuendelea, nami nimeshazoea. Jioni huzima swichi ya ukutani kwa amri ya mkubwa wetu. — *Karani, Mombasa*

Jibu: Wa aleikum salaam, Bi. Karani. Hilo la F1 uliloliweka mwishoni kama mtu anayeomba radhi ndilo lenye habari yote, na laiti kijana wa saiba angefika asubuhi badala ya mchana, angeliona mwenyewe.

Kosa 0x800B0101 lina maana moja tu: kompyuta imeonyeshwa cheti cha usalama, ikakitazama, ikaona kwamba kwa tarehe ya leo cheti hicho ama hakijaanza kutumika, ama kimekwisha muda wake. Seva ya Nairobi, kabla ya kukufungulia njia, hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kumalizika. Anayezikagua tarehe hizo ni kompyuta yako, tena kwa kutumia saa yake yenyewe, si saa ya Nairobi wala ya mtoa huduma wa intaneti. Basi ikiwa kompyuta inaamini kwamba tuko miaka kumi na kitu nyuma, kwake cheti kilichotolewa majuzi ni cha mtoto ambaye hajazaliwa. Kesho asubuhi, ukishabonyeza F1, tazama kona ya chini upande wa kulia kabla ya kugusa kitu kingine. Natarajia utaona tarehe ya zamani, pengine ya karibu na mwaka ubao mkuu wa ndani (motherboard) wa mashine hiyo ulipotengenezwa.

Sababu ni betri. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara kama sarafu, aina ya CR2032 yenye volti 3, ambayo kazi yake ni kuiweka hai saa na mipangilio ya ubao wakati umeme haupo. Swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, ubao hupata umeme kidogo hata kama mashine imezimwa, na betri iliyokufa inaweza kukaa humo miaka bila mtu kujua. Ninyi mnazima ukutani kila jioni, kwa hiyo kila usiku saa na mipangilio hupotea, na F1 ya asubuhi ni ubao unaokuarifu hivyo. Msimlaumu mkubwa wenu: kwa jinsi umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo, amri yake ni ya busara.

Utauliza kwa nini Windows haijirekebishi yenyewe, ilhali iko kwenye intaneti. Windows 7 ambayo, kama yako, haisimamiwi na seva ya ofisi (domain) huuliza saa mtandaoni mara moja kwa wiki, na hata inapouliza, hukataa kusogeza saa yake ikiwa tofauti inazidi saa 15. Ni tahadhari yenye maana, lakini kwa mashine iliyorudi nyuma miaka kadhaa haisaidii kitu. Bila shaka kijana wa saiba alisahihisha tarehe kabla ya kuiweka VPN upya, kama fundi yeyote anavyofanya bila hata kufikiri, na kilichokutibu siku hiyo ni tarehe, si VPN.

Kuibadilisha betri ni kazi ya dakika kumi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kasha, gusa chuma chake kwanza, halafu utafute betri. Huonekana upesi kwa mng'ao wake. Kibanio chake kina ulimi mdogo wa kusukuma pembeni, na betri huruka juu yenyewe. Usiibinue kwa bisibisi, kwani ubao wa mashine ya zamani haukupi nafasi ya pili. Kabla ya kuweka mpya, angalia kibanio: hapa kwetu hewa ya chumvi hula shaba, na mara nyingi nimekuta utando wa kijani ukizuia betri nzima kabisa isifanye kazi. Usugue kwa kifutio cha penseli, upulize vumbi, kisha uweke betri mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Mafundi wengine watakutisha kwamba ukitoa betri utapoteza mipangilio ya ubao na Windows itagoma kuwaka. Kwa mashine ambayo betri yake ni nzima, hofu hiyo ni ya haki. Yako imekuwa ikiipoteza mipangilio hiyo kila usiku na bado inawaka.

Ukiwasha, weka tarehe sahihi, na hapa usiende haraka. Hakikisha pia kwamba eneo la saa lililochaguliwa ni la Nairobi, yaani saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC). Nimeona mashine nyingi ambazo Windows ilipowekwa iliachwa na eneo la pwani ya magharibi ya Marekani, kisha mtu akasogeza mishale tu hadi ikaonekana sawa. Macho yanaridhika, lakini ndani kompyuta inakuwa saa 10 au 11 mbele ya ukweli, na tatizo la vyeti linaweza kurudi siku ya kubadilisha cheti bila mtu kuelewa limetoka wapi.

Endapo baada ya hayo kosa litageuka kuwa 0x800B0109, usirudi nyuma; hilo ni kosa jingine. Linasema tarehe ni sawa, lakini aliyekitia saini cheti hajulikani na mashine yako, jambo la kawaida kwa kompyuta ambayo haijapokea masasisho kwa muda mrefu. Mwombe msimamizi wa seva akutumie cheti cha mtoaji huyo kwa njia mnayoiamini, ukisakinishe mahali atakapokuelekeza. Usipakue cheti cha namna hiyo kutoka popote pengine.

Na kwa kuwa umenitajia Windows 7: Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020. VPN huingiza mashine yako ndani ya mtandao wa ofisi kuu pamoja na maradhi yake yote. Mwonyeshe mkubwa wako aya hii siku atakayokuwa na moyo mkunjufu.

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, Likoni. Mimi na binti yangu tunafasiri nyaraka za shirika moja la nje, na kila mmoja huingia kwenye seva yao kwa VPN ya aina ya L2TP. Kompyuta yangu kuukuu hutoa kosa 809, la kushindwa kuifikia seva, isipokuwa alfajiri. Nikitumia intaneti ya simu inakubali saa yoyote. Nimeshauriwa nibadilishe sajili ya Windows (registry), mahali inapohifadhi mipangilio yake ya ndani. Je, nifanye hivyo?

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Usiiguse sajili. Ushauri uliopewa ni wa kweli kwa ugonjwa mwingine, ule wa seva iliyojificha nyuma ya rauta yake. Ungekuwa ndio wako, hata kwa simu ungekataliwa, maana simu nayo inapogawa intaneti hufanya kazi ya rauta. Kwa hiyo kompyuta na seva ni wazima, na kasoro iko kati yao, nyumbani kwako.

Naomba nikuulize: alfajiri binti yako huwa amelala? L2TP hupita kwenye milango ya UDP 500 na 4500, yaani namba za njia ambazo data hupitia. (Wataalamu huita bandari, lakini kwa Mombasa neno hilo lina mwenyewe.) Watu wawili wa nyumba moja wanapoielekea seva ileile, kwa nje wote huonekana kwa anwani moja, na seva nyingi za L2TP hushindwa kuwatofautisha, aliyetangulia hupita, wa pili huachwa nje na kosa 809. Mwombe binti akate VPN yake mchana mmoja, kisha ujaribu. Ukipita, liombe shirika liwape njia ya SSTP, aina nyingine ya VPN, inayotumia mlango wa TCP 443 kama tovuti za kawaida na isiyogombana na jirani. Kompyuta yako, hata ikiwa na Windows 7, inaifahamu njia hiyo.

Swali: VPN yangu inatoa kosa 691, la jina au nywila kukataliwa, na nina hakika nywila ni sahihi. Ina alama ya @ katikati. Kompyuta ni ya mtumba kutoka Uingereza. — *Msomaji, Changamwe*

Jibu: Kwenye kibodi za Uingereza, @ na alama ya kunukuu zimebadilishana nafasi zikilinganishwa na za Marekani. Ikiwa Windows imewekewa mpangilio wa Marekani, unabonyeza @ na inaingia alama ya kunukuu, nawe huoni kwa sababu nywila hujificha kwa vitone. Andika nywila hiyo kwenye ukurasa mtupu wa Notepad uisome kwa macho, kisha uifute.