Maswali ya Wasomaji: Kambi ya Likizo kwa Watoto Wasiovumilia Kelele

Swali: Tunaandaa kambi ya sayansi na sanaa likizo ya Juni hapa Uyole, watoto 8, wengi wana usonji. Mwaka jana tulipowasha spika, watatu waliziba masikio na mmoja akakimbilia barabarani. Tubadilishe nini? – Mwalimu, Mbeya

Jibu: Mwalimu, kabla ya kununua rangi, shughulikieni ukumbi. Bati juu na saruji chini hurudisha kila sauti. Viti vinane vikiburutwa tayari ni vurugu. Spika ibaki stoo. Tandikeni majamvi, tundikeni mablanketi mazito kwenye kuta mbili zinazotazamana, na miguu ya viti ifungwe vitambaa. Juni mna nafuu kwa kuwa mvua hakuna. Desemba, kwenye ukumbi huohuo, tusingewashauri kabisa. Tafuteni pia kinga za masikio mbili tatu, zile wanazovaa mafundi wa viwanda vya mbao. Mtoto azivae kelele ikizidi, si kutwa, maana sikio likizoea ukimya huzidi kuogopa sauti.

Baridi ya Mbeya isiwatie tamaa ya kuingiza jiko la mkaa ndani. Milango ikifungwa, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua. Anzeni saa 3 asubuhi, mmalize saa 6. Sweta la sufu huwawasha wengine mpaka wavue kila kitu. Ndani wavae fulana ya pamba iliyokatwa lebo.

Getini akae mtu mzima asiye na kazi nyingine yoyote.

Ratiba iwe ya picha, moja kwa kila kazi, na kazi isizidi dakika 20. Ikiisha, mtoto mwenyewe abandue picha aitie kwenye bahasha. Mjulisheni dakika 5 kabla, kisha tena dakika 1. Wengi huharibu hapa: wanamnyang'anya mtoto brashi ghafla, halafu wanasema ana hasira. Wekeni na kona tulivu, mkeka na pazia tu, aingie na kutoka apendavyo. Mkimpeleka huko kwa kosa hata mara moja, imeshakuwa selo.

Kwa volkano, tieni vijiko 2 vya bikaboneti ya mapishi kwenye kikombe, kisha maji ya malimau 3. Siki nayo inatoa povu, ila harufu yake itawakimbiza. Kwa ute unaokuwa mgumu ukigongwa, changanyeni vikombe 2 vya wanga mweupe wa mahindi na kikombe 1 cha maji. Sembe haifai, chembe zake ni kubwa, mtapata uji mbichi. Sumaku ombeni kwa fundi redio, zile kubwa za spika mbovu. Ndogo hapana: mtoto akimeza mbili, hubana utumbo katikati na kuutoboa. Betri za kidonge, zile za saa, ni hatari vilevile. Akimeza, hospitali saa hiyohiyo.

Swali: Mwanangu wa miaka 7 hagusi udongo wala rangi. Walimu wamlazimishe azoee? – Mama, Iringa

Jibu: Hapana, mama. Akilazimishwa atakataa hata meza yenyewe. Tia vijiko 3 vya rangi kwenye mfuko mgumu wa zipu, ziba mdomo kwa selotepu, aminye kwa nje. Wengi wanaochukia vitu vya kunata hawana shida na vikavu, na milulu ya vikapu huko kwenu haikosekani. Aanze kwa kusuka mitatu mitatu. Siku atakapotaka kugusa rangi, beseni la maji na taulo viwe karibu yake, avione kabla hajaanza.