Kusahau Hawasahau

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama mtoto aliyepitia mateso huyasahau akikua. Nimefundisha shule za msingi hapa Nakuru kwa miaka mingi, na jibu langu ni hapana.

Mapema mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika huku, familia nyingi zilipiga kambi kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Watoto waliporudi darasani, watu wazima walifarijiana: "Hao ni watoto, watasahau." Lakini bati likibamizwa na upepo, kuna aliyejitupa chini ya dawati. Mwingine alisinzia kutwa kwa kuwa usiku hakulala. Wa tatu akiguswa bega tu, ngumi. Kwenye chumba cha walimu huyo wa tatu ndiye aliyeitwa mtundu, na kiboko, kilichopigwa marufuku shuleni tangu 2001, hakikukosa watetezi. Mwili uliozoea hatari hubaki macho hata hatari ikiisha. Homoni za mfadhaiko hupanda kwa jambo dogo, na mtoto hurusha ngumi kabla hajafikiri. Ukimchapa, umemhakikishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa.

Je, wapo wanaoinuka? Wapo. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi utu uzima. Kati ya waliokulia kwenye shida nzito, kama theluthi moja walikuja kuwa watu waliotulia, wanaojiamini na kujitegemea. Aghalabu walikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea, na si lazima awe mzazi: nyanya, shangazi, mwalimu.

Nyanya tunao (ingawa nao wana machungu yao ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza). Hatuwadai hotuba. Mtoto amkute nyumbani jioni, chakula kiwe kwa saa inayojulikana, aambiwe mapema kama kesho kuna mgeni au safari, asikilizwe akitaka kusema na asichokonolewe asipotaka. Mwalimu naye, kumsalimia mtoto kwa jina lake asubuhi hakuhitaji bajeti ya wizara.

Lakini hayo ni ya baada ya mateso kukoma. Kama bado yanaendelea nyumbani, usianzie kwenye ushauri nasaha. Piga 116, simu ya watoto isiyotozwa malipo, mchana au usiku.